Simu Iliyopakwa Rangi

Bibi yenu akitaka kupaka ukuta rangi, lazima kwanza anitume mbali. Nyie mnacheka tu, hamjawahi kuniuliza kwa nini. Haya, kaeni.

Mimi kazi yangu melini ilikuwa kutia grisi kwenye mashine, wakaniita Mafuta. Mpishi wa meli ile alikuwa shemeji yangu, kaka yake bibi yenu, huyuhuyu anayekuja hapa kula na kulalamika chumvi. Meli ya mizigo, kuukuu, lakini ilikuwa na simu za aina yake. Hazina betri wala umeme. Unabonyeza kitufe kwenye mkonga, ule wa kushika sikioni, unaongea, na sauti yako mwenyewe ndiyo inayosukuma maneno kwenye waya. Taa zote zikizimika, hiyo inaongea. Simu ya siku ya shida.

Na humo ndani, kipande cha kusikilizia na cha kuongelea vimeundwa sawasawa, kila kimoja kinaweza kazi zote mbili. Hilo tulilijua kwa utani. Kulikuwa na baharia mmoja mzee, meno yote yameoza, tukamkataza kusogeza mdomo wake pale tunapoongelea sisi. Naye akageuza mkonga juu chini, akawa anaongelea kwenye sikio. Akasikika vizuri tu. Sasa ikawa masikio yetu ndiyo yananuka. Tukamwita Sikio mpaka anastaafu.

Basi kampuni ilikuwa na msimamizi wake bandarini, tukimwita Brashi. Mkaguzi akikaribia, Brashi anapanda na makopo. Kutu, paka. Bomba linavuja, paka juu yake. Ukisimama sana na wewe unapakwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Safari moja tuliondoka rangi hata haijakauka. Nikaingia kwenye handaki la shafti, ile njia nyembamba inayotoka chumba cha injini mpaka nyuma kwenye propela. Niko huko na grisi yangu, nikasikia kishindo, taa zikazimika. Kugeuka, kule nilikotokea kwekundu. Chumba cha injini kinawaka, na mlango wa handaki haufungiki, siku nyingi bawaba zimekufa, umepakwa rangi hapohapo ulipoegemea.

Kulikuwa na ngazi ya dharura ya kutokea sitahani. Nikapanda, nikasukuma kifuniko, wapi. Walikuwa wamepanga magunia juu yake. Kifuniko cha kuokoa roho za watu, wao wanapangia magunia.

Nikashuka nikashika simu. Mkono wa kuzungushia kengele umeganda kwa rangi. Nikaweka mkonga sikioni, nikamsikia ofisa anaita kutoka juu.

"Handakini. Kuna mtu huko?"

"Niko huku, mimi Mafuta. Toeni magunia."

"Handakini, jibu."

"Si najibu?"

Nikapapasa pa kuongelea. Vitundu vyote vimezibwa, pamekuwa laini kama ganda la yai. Nikakwangua kwa kucha, kumbe rangi imeingia mpaka ndani.

Ofisa hakuachia kitufe, nikawa nawasikia wote. Akauliza, "Mafuta yuko wapi?"

Na sauti ya shemeji yangu, niliyemlipia mahari mimi, ikajibu, "Amelala. Nimepita nimeona blanketi limevimba."

Limevimba kwa makoti yangu.

"Una uhakika?"

"Ah, yule akilala ni gogo."

Injinia mkuu akasema, "Basi hakuna mtu. Fungeni matundu yote ya hewa tufungue gesi."

Gesi ile, wajukuu zangu, inazima moto kwa kuunyima hewa. Na haichagui, moto na mtu kwake ni sawa.

Mimi niliudhika kabla sijaogopa. Mtu ufe kwa moto, haya, ndiyo kazi. Ufe kwa rangi? Huku unamsikia shemeji yako anakuita gogo? Hapo nikamkumbuka Sikio. Nikageuza mkonga, nikabonyeza, nikapiga kelele sikioni mwa simu: "Wewe mpishi, gogo ni wewe. Niko handakini, toeni magunia."

Nikarudisha sikioni. Kisha shemeji akasema polepole, "Huyo ni Mafuta. Mdomo ule hana mwingine."

Magunia yale yaliruka. Kifuniko kikainuka, mkono wa kwanza kunishika ukawa wake, analia huku ananitukana. Nilipokuwa juu ndipo wakafungua gesi, moto ukafa.

Tulivutwa mpaka bandarini. Brashi akapanda na kopo lake. Hakuuliza nani kaumia. Alishuka handakini, mimi nyuma yake, akauona ule mkonga niliokwangua. "Nani kaharibu hii? Mkaguzi anakuja."

Nikampa. "Waulize walioko juu. Bonyeza, ongea."

Akabonyeza, akaongea, akagomba. Shingo ikamtoka mishipa. Mwisho akanigeukia. "Mbona hawanijibu?"

Nikachukua mkonga, nikasikiliza kidogo.

"Wanasema umelala, bosi."

Injinia mkuu alikataa kuondoka bandarini mpaka kila simu isikike. Zilizoziba kabisa zikabadilishwa, zilizobaki tukazisafisha vitundu kwa sindano ya kushonea, mimi na shemeji, tumechutama. Na Brashi, na suti yake, ndiye aliyetushikia taa.