Mstari wa Penseli

Kaka yangu alimpiga Mnoa kwa ubao mdomoni, na kosa la Mnoa lilikuwa kupiga mluzi. Jino lilidondokea kwenye vumbi la mbao. Mwenyewe alipiga magoti kulitafuta, damu ikimchuruzika mpaka kifuani.

"Nimekwambia unyamaze!" Kaka alifoka. "Kichwa kinanipasuka!"

Mnoa, ambaye kazi yake pale karakana ni kunoa misumeno, alitema damu. "Ungeniambia, fundi, ningenyamaza. Hukuniambia. Ulifikiria tu kuniambia."

Ni kweli, hakusema kitu. Mimi nilikuwepo.

Kaka hakuwa hivyo. Alianza yeye kuukataa usingizi, tulipopata kazi kubwa ya madirisha ya shule. Alikunywa kahawa kama maji, akapiga kazi mpaka kunakucha. Kazi ilipokwisha akajitupa kitandani alale, na usingizi nao ukamkataa. Wifi aliniambia mumewe anapanda kitandani kama mtu anayekwenda kupigana: amekunja ngumi, amekaza taya, mara anautwanga ukuta. Mchana macho mekundu, mkono mwepesi. Redio aliibamiza chini. Mbwa wa jirani alimpiga teke mpaka akatapika.

Mimi kazi yangu ni kupokea. Msumeno wa mashine una kelele, humsikii mwenzako hata akipiga ukunga. Kwa hiyo Kaka anasukuma ubao upande wake, mimi navuta upande wangu, na tunasemezana kwa kuugonga ubao kwa kidole. Ukigonga mara moja, sukuma. Mara mbili, simama. Mwenzako anaisikia kwenye viganja.

Siku moja niliona kichwa cha msumari wa zamani kimejificha ndani ya ubao. Nikagonga mara mbili. Kaka akaendelea kusukuma. Nikagonga tena, na tena, mpaka ngozi ya kidole ikachubuka. Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa wazi, lakini ndani hamkuwa na mtu.

Meno ya msumeno yakauma chuma. Cheche ziliruka, ubao ukarushwa nyuma, ukampita Kaka ubavuni na kutoboa mlango wa bati. Mikono yake ikateleza mbele. Almanusura msumeno umle vidole.

Hapo ndipo alipozinduka. Akazunguka meza, akanikaba koo.

"Kwa nini hukugonga? Unataka kuniua?"

Sauti haikutoka, nikamwonyesha kidole chenye damu. Hakukitazama. Mnoa alimrukia kwa nyuma wakaanguka wote wawili, wakagaragazana kwenye maranda ya mbao mpaka Kaka akaishiwa pumzi.

Nesi aliyenitazama shingo alisikiliza yote bila kunikatiza.

"Mtu asiyelala, mwili wake unajiibia usingizi," alisema. "Kidogo kidogo, macho wazi. Yeye hata hajui kama alipotea."

"Sasa tumfanyeje, dada?"

"Aache kugombana na kitanda. Usingizi usipokuja ainuke, afanye kazi nyepesi ya mkono, akisinzia ndiyo arudi. Asubuhi aamke wakati ule ule hata kama hakulala. Kahawa aikome. Itachukua muda. Lakini hiyo mashine asiiguse kwanza, utakuja kuokota vidole."

Nilimweleza Kaka. Akacheka. "Siku hizi nesi ndiye fundi wa mbao?"

Basi asubuhi nilitangulia karakana, nikaukata kwa patasi mkanda unaozungusha msumeno wa mashine.

Alinikuta na kipande mkononi. Kofi lake liliniangusha. Halafu teke la mbavu, halafu lingine. Wifi alikuja mbio, mtoto mgongoni, akaokota nyundo ya mbao akamtandika nayo begani.

"Mpige tena dada yako uone! Nina mtoto mmoja wa kulisha kwa kijiko, sitaki wa pili asiye na vidole!"

Kaka akamgeukia, ngumi juu. Mimi nilikuwa chini, na penseli yake ilikuwa imeanguka karibu yangu.

"Kaka," nikasema, "chora mstari."

Mtaa mzima unajua kwamba Kaka huchora mstari mnyoofu bila rula, ubao kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mkono mtupu. Wateja huja kumtazama. Ndiyo fahari yake.

"Ukinyooka, mkanda nanunua mimi."

Alininyang'anya penseli. Mstari ulianza vizuri, ukayumba, ukaruka, ukaishia pembeni kama mlevi mtaroni. Akachora mwingine. Ulikuwa mbaya zaidi. Akauvunja ubao gotini, akachukua ubao mpya, akachora mpaka penseli ikakatika, kisha akaitwanga meza mpaka ngumi ikachanika. Halafu akavitazama vidole vyake kimoja kimoja.

"Uligonga," alisema.

"Niligonga."

Mkanda mpya ulipopatikana, Wifi aliuficha mpaka mstari unyooke. Usiku, kukiwa kimya, nikawa nasikia randa ikilamba ubao sebuleni, taratibu. Ikinyamaza, najua amerudi kitandani kujaribu. Hasira hazikuisha. Juzi alimtupia Mnoa nyundo, ikamkosa.

"Naona unapona, fundi," Mnoa alisema kwa pengo lake. "Zamani ulikuwa hukosi."

Kila asubuhi Kaka huchora kabla ya kuomba mkanda. Leo alipomaliza, mimi niliona mstari umenyooka. Mnoa naye akaukagua.

"Kama kamba iliyovutwa! Shemeji, lete mkanda."

Wifi akauleta. Kaka alikwishaupokea, akainama mwisho wa ubao, akafumba jicho moja. Aliutazama mstari wake muda mrefu.

"Pale katikati umepinda," alisema.

Akamrudishia mkewe mkanda, akachukua randa.