Majina Kumi na Sita

Fundi wa kompyuta alikuwa na ukumbi wa gemu ambamo simu zilipigwa marufuku. "Gemu ni kibodi na kipanya," alizoea kusema, kifua mbele. "Hao wa simu wanapapasa kioo tu." Basi kamati ya mashindano ya gemu ya mtaa ilipotangaza kwamba kundi la kompyuta litafutwa lisipopata wachezaji kumi na sita, hakutetereka. Aliwasha mashine zake, akanakili majina ya utani ya wachezaji yaliyohifadhiwa humo, akampelekea mdogo wake wa kike, katibu wa kamati.

"Kaka, hawa wote wamethibitisha?"

"Unaniuliza mimi?"

Mdogo wake hakuthubutu kuuliza tena, akagonga mhuri.

Siku ya mashindano, upande wa simu ulifurika hata watu wakakalia ndoo. Upande wa gemu za televisheni, vijana walinyang'anyana padi za kuchezea. Upande wa kompyuta, penye mashine za fundi na viti kumi na sita, waliketi wawili.

Katibu akashika kipaza sauti. "Mkono wa Chuma!"

"Niko huku kwenye simu!" Watu wakaangua kicheko.

"Kichwa Ngumu!"

"Huyo kaoa, dada! Kamwombee ruhusa kwa mkewe!"

"Simba wa Kipanya!"

"Kompyuta yake siku hizi inaegemeza mlango!"

Kila jina lilimshukia fundi kama kofi. Mwenyekiti akamgeukia katibu. "Mama, umetuletea orodha ya vivuli?"

Mdogo wake hakumtazama. "Niwie radhi, mwenyekiti. Uzembe ni wangu. Sikuhakikisha."

Fundi alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Yeye aliyemfukuza mpwa wake ukumbini kwa kuficha simu mfukoni, sasa alijificha nyuma ya dada yake mdogo, akitazama viatu vyake. Mwenyekiti akatamka uamuzi: kundi limefutwa, na katibu anavuliwa kazi.

Ndipo fundi aliposogea mbele. "Orodha ni yangu," alisema. "Niliyatoa majina kwenye mashine. Sikumuuliza hata mmoja. Wamekwisha kuacha kompyuta siku nyingi, nami nilijua."

"Katibu, rudi kitini pako," mwenyekiti akasema. "Fundi, chomoa nyaya zako."

Mdogo wake akamsogelea. "Ulinisikia nikisema ni mimi?"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Basi hao wawili waliokuja, kawaambie wewe mwenyewe kwamba hakuna mchezo."

Alikwenda. Zilikuwa hatua kumi tu, lakini hakuwahi kutembea mwendo mrefu kuliko ule.