Mlango Usioitikia Hodi

Kisu cha jikoni nilikificha ndani ya pipa la unga, chini kabisa, nikasawazisha unga juu. Asubuhi nikakuta unga umemwagika sakafuni na mjukuu wangu amesimama nyuma ya mlango, mkono mmoja mgongoni. Nikakata vitunguu kwa wembe, machozi yakapata kisingizio.

Tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa hafungi mdomo. Siku ile watu walipobisha, tena kwa adabu, "Hodi wenyewe!", ni yeye aliyeitikia, "Karibuni!" Wakakaribia. Mama yake, kitindamimba wangu, alitolewa humu amebebwa na hakurudi. Tangu hapo neno hodi likisikika, hata kwa jirani, mtoto anageuka jiwe. Na sasa jiwe limeshika kisu.

Hofu yangu ilikuwa hiyo. Kwamba ipo siku mtu wa heri atapiga hodi, muuza maziwa, au mtoto wa watu amefuata mpira wake, na Chiriku atamchoma. Naye watamchukua, nibaki na kuta.

Kliniki, nesi alinipima presha akaguna. "Bibi, hii inataka kupasua mashine."

Nikamweleza. Akaniitia mwanamke mfupi, kigoda cha kukunja kwapani. Huyo ni mshauri wa watu waliopatwa na mambo mazito. Zamani alikuwa hospitali kubwa ya mjini, lakini sisi wa huku hatufiki. Nauli hakuna, na wengine kama Chiriku hawavuki hata kizingiti. Basi sasa anatufuata mitaani, bure. Watu wanamwita Mama Kigoda.

Nilidhani ataniuliza mtoto ana nini. Akaniuliza, "Kwenu nifikeje mlangoni?"

"Ufike tu, upige ho... Hapana! Usipige!" Nikajishika mdomo.

"Basi kamuulize yeye mwenyewe."

Nikarudi nyumbani nikamuuliza Chiriku. "Asiseme kitu. Akae nje. Anipe mgongo, nimwone."

Ndivyo alivyokuja. Alikaa kwenye kigoda chake barazani, mgongo kwetu, mlango umerudishwa na kuachwa ufa mdogo. Mimi ndani, kando ya Chiriku, natazama shingo ya yule mwanamke na mkono wa mjukuu wangu. Shingo, mkono. Shingo, mkono. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo.

"Naweza kuongea?" aliuliza bila kugeuka.

Chiriku akasogeza jicho kwenye ufa.

"Nikinyamaza pia ni sawa. Ukinichoka, gonga mlango, nitaondoka."

Kuna siku Chiriku aligonga kabla Mama Kigoda hajakaa vizuri. Akakunja kigoda akaenda zake, wala hakununa. Akarudi wiki iliyofuata. Na siku moja mtoto akasema kupitia ule ufa, "Mimi ndiye niliyewakaribisha."

"Uliitikia salamu," Mama Kigoda alisema taratibu. "Walioua ni wao."

Chiriku hakugonga.

Sasa, binti yangu mkubwa anakaa mbali, na habari za kisu na hodi hakuzijua. Siku hiyo alitokea pembeni mwa nyumba, kikapu kichwani, sauti mbele yake kama kawaida. "Hodi! Hodi humu! Mmehama au mmekula gundi?"

Kisu kikatoka mgongoni. Nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Nje nikasikia kigoda kikianguka.

"Chiriku, mlango ni wako," akasema Mama Kigoda haraka. "Hakuna anayeingia. Dada, simama hapo hapo!"

"We nani wa kunisimamisha kwa mama yangu?"

"Simama, mwanangu!" Sauti ilinitoka imepasuka. "Nakuomba, simama!"

Akasimama. Ndani, Chiriku alikuwa anahema kama aliyekimbizwa. Ncha ya kisu ilikuwa kwenye ufa. Kisha akauliza, "Nani?"

"Nani tena? Mama yako mkubwa! Umesahau sauti yangu?"

"Rudi nyuma. Mpaka kwenye kamba ya nguo. Nikuone uso."

Binti yangu huyu hata mumewe hamwamrishi. Alimtazama Mama Kigoda, akautazama ule ufa, nafikiri hapo ndipo alipokiona kisu. Akarudi kinyumenyume na kikapu chake kichwani mpaka shuka mbichi likampiga mgongoni.

Chiriku akachungulia. "Ni yeye," akaniambia.

Nikanyoosha mkono nikichukue kisu.

"Usimnyang'anye, bibi," sauti ya nje ikasema. "Muulize."

"Nikupokee, mjukuu wangu?"

"Vidole havifunguki, bibi."

"Basi tungoje."

Tukangoja. Nilimsikia Chiriku akivuta pumzi, akiishusha, akivuta tena, na kidole kimoja kikalegea, kikafuata kingine. Akainama, akakiweka kisu sakafuni, akakikanyaga.

"Asiingie leo."

"Haingii," nikasema.

Binti yangu alikula chakula chake uani, sahani mapajani, mkabala na Mama Kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae alizungumza kwa sauti ya chini. Alipoaga aliuliza kutokea kule kule kwenye kamba, "Chiriku, nije tena?"

"Uje. Usipige hodi. Sema jina lako, usubiri."

"Nitasubiri, mwanangu."

Nikawasikia wakiondoka pamoja. Chiriku akabaki na jicho kwenye ufa, na mimi nikabaki nautazama mguu wake, nione kama bado umekikanyaga kisu.