Sungura wa Shukrani

Mwaka 1991 Audace aligawa misaada midogo ya shirika lake kwa shule za serikali za Kigali. Shule moja ya Remera aliipa sungura wawili, watoto wajifunze ufugaji. Alichodai yeye ni kupiga picha tu, msaada ukipokewa. Bila picha, hakuna msaada!

Sasa mwalimu mkuu, Mama Nyiramana, alikuwa mtu wa desturi: ukipewa ng'ombe, unamrudishia aliyekupa ndama wa kwanza. Sungura walipozaa, akatua ofisini kwa Audace na darasa zima, ngoma mbele, kikapu nyuma.

"Patroni, hawa wa kwanza ni wako!"

Nani alimwomba? Lakini Audace naye alilelewa hivyo hivyo. Kukataa ni kumtukana mama wa watu mbele ya watoto. Akapokea, akitabasamu kwa taabu.

Kufikia Pasaka sungura walikuwa wametafuna mapazia, wamezaliana kabatini, na karani alikuwa akipiga chapa huku amepanda juu ya meza. Kuwachinja hakuthubutu, maana kila Ijumaa Mama Nyiramana alipita kuwajulia hali, mmoja mmoja, kwa majina.

Mwishowe Audace akaenda Remera shingo upande, kofia mkononi.

"Madamu, naomba msaada mdogo. Majani tu, wasije wakamaliza na viti."

Mama Nyiramana akavaa miwani, akamtazama kuanzia viatuni hadi utosini.

"Tutakupa," alisema. "Ila tutakuja kupiga picha."