Fomu ya Mpanda Milima

Mwandishi mmoja wa habari za baiskeli tulimpa jina la Kikokotoo, na jina likamkaa. Mlima ukiisha, yeye hashangilii wala hapigi picha. Anakaa ukingoni mwa barabara na simu yake, anaingiza uzito wa mwendeshaji, urefu wa mlima na dakika alizotumia, kisha anatangaza miguu ya nani imetoa wati ngapi. Nilikuwa namchukia kama kunguni. Mtu asiyeweza kupanda ngazi bila kuhema, halafu anakaa kumhesabia mdogo wangu pumzi.

Siku ile alinifuata kwenye mstari wa kumalizia, mimi nimebeba taulo na chupa za maji.

"Pole na kazi, mkandaji," alisema. "Mdogo wako amepanda kwa dakika thelathini na nne."

"Nina saa."

"Miaka ishirini hakuna aliyefanya hivyo. Na wale waliowahi kufanya, wote walikuja kufungiwa kwa kutumia dawa. Wiki iliyopita, kwenye mlima mfupi kuliko huu, aliachwa nyuma." Akanyanyua simu nione namba zake. "Sisemi kitu. Nauliza tu."

"Kaiulize baiskeli," nilimwambia, nikampita.

Waliokuwa karibu walicheka. Mimi niliongeza mwendo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na hilo linalokuja nilikuwa naliogopa tangu jana yake.

Jana yake ilikuwa siku ya mapumziko. Kazi yangu kwenye timu ni kukanda miguu ya waendeshaji wanne, na wa mwisho huwa ni mdogo wangu, ambaye watu wote wanamwita Mbuzi kwa jinsi anavyoparamia milima. Nimemkanda tangu ana miaka kumi na sita. Nikifumba macho, naweza kukuonyesha kwenye shavu la mguu wake wa kushoto mahali panapofunga fundo. Alilala mezani na koti la mikono mirefu, na joto lote lile. Alipogeuka, mkono wa koti ukapanda, nikaona plasta kwenye kunjo la kiwiko.

"Hii nini?"

"Vipimo, dada. Daktari alitaka kuangalia kama nina upungufu wa chuma."

"Plasta kubwa hivi?"

"Sindano ilikuwa nene. Kanda basi, miguu inapoa."

Sheria ya mchezo wetu haina kona: hakuna sindano bila ugonjwa. Ningeweza kuuliza swali la pili. Sikuuliza, na si kwamba nilimwamini. Niliogopa jibu. Miaka sita nyuma nilimkanda mwendeshaji mwingine, kijana mcheshi aliyekuwa akinitania kwamba mikono yangu ni ya mwashi. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Waliandika kwamba ni moyo. Moyo wa mtu wa miaka ishirini na sita. Tangu siku hiyo, mwendeshaji akichelewa kushuka kwa kifungua kinywa, mimi ndiye ninayekwenda kugonga mlango wake, na hugonga kwa ngumi.

Basi, baada ya kumpita Kikokotoo, nilimkuta Mbuzi nyuma ya jukwaa la washindi, ameketi kwenye kiti cha plastiki, maua miguuni. Jua lilikuwa linachoma mpaka lami inanata kwenye viatu. Yeye alikuwa amevaa makoti mawili, na meno yalikuwa yanagongana.

"Baridi ya huku juu," alisema kabla sijafungua mdomo.

Hapakuwa na baridi yoyote. Kando yake alisimama msindikizaji wa vipimo, kijana mwenye fulana ya njano ambaye kazi yake ni moja tu, kutomwacha mshindi atoke machoni pake mpaka atoe mkojo wa kupimwa. Tukaongozana watatu hadi kwenye trela nyeupe ya vipimo. Mlangoni alikuwa anatusubiri daktari wa timu, nywele zimechanwa vizuri kama bwana harusi.

"Jaza fomu kama kawaida, dada," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na msikawie. Nataka nimwone haraka hotelini."

Alikuwa anatabasamu, lakini jasho lilimtoka juu ya mdomo. Hapo ndipo hofu yangu ilipozidi. Daktari anayeogopa ni kitu kibaya kukiona.

Ndani ya trela mwendeshaji anaruhusiwa mtu mmoja tu wa upande wake. Timu nyingine huingiza daktari. Mbuzi huingia na mimi. Tangu shuleni, kila karatasi yenye maandishi mengi alikuwa ananisukumia mimi nimsomee, na mazoea yakawa sheria: ninajaza fomu, ninaweka kidole pale panapohitaji saini, naye anasaini huku anatazama kwingine. Ile safu ya maswali naijua kwa moyo. Hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Nimeweka tiki hizo mara nyingi kuliko nilivyosaini jina langu mwenyewe.

Afisa wa vipimo alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Mbuzi alikwenda chooni na msindikizaji, akarudi na kikombe. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Umekauka, mwanangu," afisa alisema. "Kunywa maji."

Akanywa. Bilauri iligonga meno yake, maji yakamwagikia kidevuni. Yule mama akageukia meza yake kugawa mkojo kwenye chupa mbili na kuandika namba za mihuri, nami nikamwekea mdogo wangu kiganja shingoni, kama vile namfuta jasho. Jasho halikuwapo. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama kifuniko cha sufuria. Nikatafuta mshipa, nikahesabu kwa saa yangu. Nusu saa baada ya mlima, moyo wa Mbuzi huwa umeshatulia. Huu ulikuwa unakimbia kana kwamba bado yuko kwenye kona ya mwisho.

"Wamekuwekea nini?" nilinong'ona.

"Hamna kitu, dada."

"Nitapiga kelele humu ndani."

Akatazama mgongo wa afisa. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye anaogopa.

"Ni damu yangu mwenyewe," alisema. "Walinitoa mwezi wa pili, wanirudishie sasa nipate pumzi ya milima. Si dawa, dada. Si ya mtu. Mfuko mmoja jana, mmoja leo asubuhi."

"Ilikuwa imewekwa wapi?"

"Kwenye friji ya daktari." Akameza mate. "Wiki iliyopita umeme ulikatika kule kwake. Alisema haina neno. Wa jana haukunifanya kitu, ila huu wa leo... mgongo unaniuma, dada. Huku chini, kwenye figo. Atanipa sindano tukifika hotelini."

"Hoteli iko saa moja na nusu kutoka hapa."

"Nitavumilia. Usiniharibie. Nimeshinda leo."

Mama yetu alizoea kusema mficha maradhi kilio humuumbua, na tulikuwa tunamcheka, maana alikuwa anatuambia hivyo hata tukiwa na mafua. Nilijua kitakachotokea nikisema. Atafungiwa miaka. Kikokotoo atapata alichokuwa anakisubiri. Mimi mwenyewe sitagusa tena miguu ya mwendeshaji yeyote, na mdogo wangu huenda asinisemeshe mpaka nakufa. Na nisiposema, nilimwona wazi kwenye kiti cha nyuma cha gari la timu, kichwa kimeegemea kioo, daktari akiniambia amelala.

"Haya, fomu," afisa alisema, akanisogezea karatasi na kalamu.

Vitamini nikaandika. Dawa ya maumivu, hapana. Nikafika kwenye swali linalouliza kama mwendeshaji amewekewa damu katika miezi mitatu iliyopita. Visanduku ni viwili. Mbuzi alikuwa amefumba macho. Nikaweka tiki kwenye *ndiyo*, kisanduku ambacho sikuwahi kukigusa maisha yangu. Chini, kwenye mistari ya maoni, nikaandika: *Leo asubuhi. Damu iliharibika kwenye friji. Ana homa kali, figo zinauma. Iteni gari la wagonjwa, na daktari wetu asimguse.*

Nikaweka kidole mahali pa saini.

"Hapa," nilisema.

Akafumbua macho, akasaini bila kutazama. Herufi zilipanda na kushuka. Aliniamini kwa namna ile ile ya miaka yote, na niliona aibu kubwa, lakini sikuondoa kidole.

Afisa alivaa miwani. Alisoma, akarudia kusoma, akamtazama Mbuzi usoni kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama namba. Alisogea mlangoni, akakaza komeo, akachukua simu ya upepo iliyokuwa mezani.

"Gari la wagonjwa, trela ya vipimo," alisema. "Haraka. Mgonjwa ana fahamu bado."

Mbuzi aligeuza kichwa polepole.

"Nani mgonjwa?" aliniuliza.

"Wewe, mdogo wangu," nilisema, nikamshika mkono. "Nimewaandikia kila kitu."

Aliitazama karatasi, akaiona saini yake. Kisha akauvuta mkono wake kutoka kwenye mkono wangu. Nje daktari alikuwa anagonga mlango, anaita jina langu kwa upole.

Nikaushika tena ule mkono. Alijaribu kuuvuta mara ya pili, na hakuweza.