Pipa la Susu

Jirani yetu Kisilu anasema alimwona mama, saa sita mchana, akimimina dawa ya kuogeshea ng'ombe ndani ya pipa la mkunga. Anasema alikuwa kando ya ua wa minyaa akitafuta mbuzi wake. "Kwa macho haya mawili!" huapa, na watu hucheka, kwa sababu jicho lake la kushoto lina ukungu tangu nikiwa darasa la tatu. Lakini wakishacheka, wanamwamini.

Mkunga huyo, samaki mrefu kama nyoka, alikuwa wa kisima chetu, huku chini upande wa Kiboko. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walimkuta humo walipochimba, na hakuna aliyemgusa. Alikula viluwiluwi na wadudu, maji yakakaa safi. Tulimwita Susu, yaani nyanya. Nilizoea kukaa nikimtazama. Kila baada ya muda alipanda, akatoa pua juu ya maji, akashuka. Nilidhani anatusalimia.

Mwaka ule wa njaa ya mahindi ya manjano, maji yalipungua, mwethya wakaamua kutoa matope kisimani. Mama akapewa Susu amtunze siku mbili. Alimbadilishia maji kwa debe, na hicho ndicho alichoona Kisilu. Kisha akaenda Nunguni kumzika dada yake. "Mbula," akaniambia, "mwangalie mgeni wetu."

Pipa lilikuwa nusu. Kwetu mgeni hapewi kibuyu nusu, ni kama kumtukana. Nilienda mtoni mara tatu, nikalijaza mpaka ukingoni, nikafunika kwa bati na kuweka jiwe la kusagia juu yake, nguchiro asimfikie. Niliona nimemtunza kuliko mama.

Asubuhi alikuwa ameelea, tumbo juu.

Mama aliporudi, wanawake walikuwa wameshasikia ya Kisilu. "Syokau, tafuta maji yako kwingine," Mumbua, kiongozi wa mwethya, akamwambia. Mama hakubisha. Aliniuliza tu kama nimekula.

Mimi nilimfunga Susu kwenye gunia bichi, nikampelekea Othman, mtu wa pwani aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti na kununua mayai kwetu. Alimgeuzageuza.

"Hakuna sumu hapa. Ngozi yake nzima, haina hata kidonda. Ona, chini ya koo ana tundu moja tu. Maji peke yake hayamtoshi huyu, lazima apande kuvuta hewa, kama wewe. Ndiyo maana kisima kikikauka hukaa matopeni na asife. Mlimwachia nafasi juu?"

Nikamweleza habari ya bati na jiwe.

"Basi amezama, dada."

Akampasua tumbo, akatazama ndani. "Na si nyanya. Wengi wao huanza jike, wakikua wanageuka dume. Huyu alikuwa babu yenu."

Wiki tatu nilikaa na maneno hayo tumboni. Mama aliteka maji mtoni, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Siku moja alichelewa, nikamfuata. Nilimkuta ameketi mteremkoni, mtungi umepasuka, akikusanya udongo uliolowa kwa viganja na kuukamulia kwenye kigae.

Nilimfikisha nyumbani, nikachukua debe, nikaenda kisimani.

"Binti wa Syokau!" Mumbua akasema. "Leo umetuletea dawa gani?"

"Ni mimi niliyemwua Susu. Nilijaza pipa nikafunika. Alikosa pumzi, akazama."

Kisilu, aliyekuwa akinywesha mbuzi, akaangua kicheko. "Samaki azame! Kesho utatuambia ndege ameanguka kwa kukosa ngazi."

"Muulizeni Othman."

"Yule mla samaki?" mwanamke mmoja akasema, na wote wakacheka.

Nilingoja wamalize. Kisha nikapiga magoti kwenye matope, pale nilipokuwa nikikaa kumtazama Susu.

"Mama Mumbua, mgongo wa mama umekwisha. Mimi nifukuzeni, hata milele. Yeye mrudishieni zamu yake."

Mumbua aliinama, akazamisha kata kisimani, akaimimina kwenye debe lake mwenyewe. Akachota tena. Debe lilipojaa, mwenyewe alijitwika, akanipita, na aliyemfuata kwenye foleni akasogeza lake. Langu likabaki tupu kando yangu.