Ufunuo Uliotoka Kwenye Daftari Langu

Mimi Yunisi kazi yangu ni kusoma maji. Kila siku saa tatu asubuhi nashuka ufukweni Ujiji, naangalia nguzo yenye namba iliyosimikwa ziwani, naandika kimo kwenye daftari na kukituma ofisini. Hata Jumapili naenda, kisha napitiliza kanisani na mchanga kwenye viatu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba namba zimeninyang'anya imani.

Mwaka huu ziwa lilipanda mpaka likaanza kutafuna nyumba. Mama yangu, Leonida, anakaa Kasingirima, kwenye nyumba ya matofali mabichi aliyoijenga na marehemu baba. Tofali bichi likilowa halimwombi mtu ruhusa, ukuta unakaa chini na aliye ndani yumo. Kaka yangu Oswald alishamwandalia chumba kwake Rusimbi, huko juu kukavu. Mama akagoma. Mchungaji Jeremia alikuwa ametangaza kwamba amefunuliwa: kabla Aprili haijaisha maji yatagusa ngazi ya tatu ya kanisa, na siku hiyo Bwana anarudi. Anayehama sasa hana tofauti na mke wa Lutu aliyegeuka nyuma.

"Mwana wanje, mwanangu, nimemsubiri Bwana miaka sabini," Mama aliniambia huku akisonga ugali. "Leo nikimbie zikiwa zimebaki wiki tatu?"

Nililia njia nzima, sifichi. Halafu nikakumbuka jambo, na machozi yakakauka kwa hasira.

Kila Jumapili baada ya ibada Mchungaji alikuwa ananiuliza, "Dada Yunisi, maji yanaendeleaje?" Nami kwa heshima namfungulia daftari. Mwezi wa pili aliniuliza, kwa mwendo huo, yatafika ngazini lini. Nikapiga hesabu palepale mlangoni, sentimita nne kwa wiki, nikamwambia ngazi ya tatu itaguswa mwishoni mwa Aprili. Kumbe nilikuwa namfunulia!

Jumapili iliyofuata, ulipofika muda wa shuhuda, nilisimama. Nadhani walitegemea kusikia nimepona malaria.

"Bwana asifiwe. Ile siku ya Mchungaji niliihesabu mimi, pale mlangoni, kwa kalamu ya ofisi."

Mchungaji si tapeli, nampa haki yake. Aliniangalia kwa upole kabisa. "Dada, Mungu anaweza kusema hata kwa namba zako."

"Basi mwache aseme kwa zote, Mchungaji, usimchagulie. Namba hizi, mwaka hadi mwaka, zinasema mvua zikikatika ziwa linaanza kushuka. Mwezi wa nane ngazi yako ya tatu itakuwa kavu, watoto wanaichezea. Utawaambia nini hawa? Kwamba Bwana alifika ngazini akaghairi?"

"Kaa chini, dada."

"Sikai. Tangu Shule ya Jumapili tunafundishwa kwamba siku ile hata malaika hawaijui. Daftari langu haliijui pia, na halijawahi kudai. Linajua maji tu. Na maji yameshalowesha ukuta wa mama yangu mpaka kimo cha goti, wala hayangoji tarumbeta."

Wazee wawili wa kanisa walikuja kunitoa. Nikalikumbatia benchi. Nilishaamua kwamba wakinitoa, watanitoa nalo.

Ndipo Mama akainuka kwenye safu ya mbele. Nikazidi kulikumbatia benchi, maana namjua. Ameniadhibu mbele za watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Akajifunga kitenge vizuri, akachukua Biblia yake.

"Mwachieni mtoto wangu," aliwaambia wale wazee, nao wakaniachia.

Kisha akamgeukia Mchungaji, akamwinamia kidogo kama anavyomwinamia siku zote.

"Mchungaji, mimi nahamia kwa Oswald leo hii. Bwana akija akanikosa Kasingirima, nakuomba umwelekeze. Aliyeweza kushuka kutoka mbinguni hatashindwa kupandisha mpaka Rusimbi."